Aresta ya kauri, ya kauri iliyopakwa silikoni, au ya mpira wa silikoni: ipi itavumilia uchafu wa kituo chako?

Ukitaka kujua hali ya aresta zako, yaani vile vifaa vinavyoupeleka ardhini umeme wa radi kabla haujaharibu mitambo, nenda kituoni saa kumi na moja alfajiri, jua halijatoka na umande ungali juu ya vyuma. Mwaka mmoja, mwishoni mwa kaskazi, nilisimama hivyo kwenye kituo cha kupozea umeme cha kilovolti 132 kilicho karibu na bahari. Aresta ya fezi ya kati ilikuwa inalia kama mafuta ya mandazi yaliyodondokewa na maji. Juu ya miavuli yake ya kauri, ile mikunjo ya duara inayolizunguka ganda, cheche za zambarau zilikuwa zinakimbia, zinazima, kisha zinawaka tena karibu na flanji inayounganisha kipande cha juu na cha chini. Kufika saa nne asubuhi jua lilikuwa limekausha kila kitu na aresta imenyamaza. Laini ilipozimwa na kuwekwa erthi, nilipanda nikapitisha kidole juu ya mwavuli mmoja. Kilitoka na tope la kijivu, na lilipokauka liliacha chembe nyeupe za chumvi. Mkaguzi anayefika saa nne angeandika "hali nzuri" akaondoka, na asingekuwa amedanganya.

Ninaandika kwa ajili ya mtu aliye njia panda: anaagiza aresta mpya, au ana za zamani anazotaka kuziokoa, na uchafu wa mahali pake unamtia wasiwasi. Njia zilizo mbele yake ni tatu. Ya kwanza ni aresta yenye ganda la kauri, inayooshwa kwa ratiba. Ya pili ni kauri ile ile ikiwa imepakwa mpako wa silikoni. Ya tatu ni aresta ambayo ganda lake lote ni mpira wa silikoni.

Uchafu unaifanyia nini aresta

Kikombe cha kawaida cha laini, kile kinachoshika waya na kuutenga na nguzo, kikichafuka, hofu ni moja: umeme utaruka juu ya uso wake hadi kwenye chuma cha chini na breka itafyatuka. Aresta ina hofu hiyo pamoja na nyingine mbili, kwa sababu ndani yake kuna nguzo ya diski za oksidi ya zinki zinazobeba volti ya mfumo usiku na mchana. Ganda likiwa safi, diski hizo hupitisha mkondo mdogo, kama miliampia moja hivi, na sehemu kubwa ya mkondo huo haileti joto. Chumvi ikiloa juu ya ganda, mkondo unaotambaa nje hufika makumi ya miliampia, na uso ukikaribia kuruka hufika mamia.

Mkondo huo hautambai sawasawa. Unapopita unapasha uso joto, na panapokauka mapema hutokea ukanda mkavu unaoukatia njia. Sasa fikiria aresta ya vipande viwili. Kipande cha juu kina ukanda mkavu, cha chini bado kimeloa. Mkondo uliokuwa ukipita nje ya kipande cha chini unafika kwenye flanji, haupati njia nje ya kipande cha juu, basi unaingia ndani na kupita kwenye diski zake. Diski zinapashwa joto kwa mzigo ambao si wao. Oksidi ya zinki ikipata joto hupitisha mkondo zaidi, nao mkondo ukizidi joto linazidi. Radi ikipiga saa hiyo, inaikuta aresta imekwisha kula nusu ya uvumilivu wake.

Hofu ya tatu haionekani kwa macho. Uchafu ukivuruga volti ya uso wa nje, volti hiyo hailingani tena na ya diski zilizo mkabala nayo ndani. Pakiwa na nafasi ya hewa au gesi kati yao, cheche ndogondogo huanza humo ndani. Zinakula oksijeni na kutengeneza gesi kali zinazoshambulia ubavu wa diski.

Ndiyo maana ninasisitiza saa na msimu. Masika ikishika, mvua kubwa huosha chumvi vizuri kuliko binadamu. Hatari iko kwenye manyunyu ya kwanza baada ya miezi mikavu, kwenye umande, na kwenye ukungu wa bahari: maji yanatosha kuyeyusha chumvi lakini hayatoshi kuiondoa.

Na kama kituo chako bado kina aresta za zamani za kabidi ya silikoni (diski za ndani, si mpira wa silikoni wa ganda), zile zenye nafasi za cheche ndani, ulinganisho huu usikucheleweshe. Uchafu huzivuruga zaidi, kwani nafasi hizo zinaweza kuruka hata kwa volti ya kawaida. Zitoe kwanza.

Vigezo, na hesabu moja ya kufanya mapema

Nitazipima njia zote tatu kwa mambo yale yale: uso unavyofanya ukiloa, joto la ndani, kazi ya matunzo, urahisi wa kuipima aresta ikiwa kazini, kinachotokea siku inapoharibika, na gharama.

Kabla ya yote, jua daraja la uchafu wako. Kanuni za IEC 60815, za tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, zina madaraja matano, kuanzia hafifu sana hadi mzito sana, na kila daraja linadai umbali wake wa kutambaa, yaani urefu wa njia ukifuata kila mkunjo wa miavuli kutoka juu hadi chini. Kwa hesabu ya zamani, uchafu mzito unadai milimita 25 kwa kila kilovolti ya volti ya juu kabisa ya mfumo, na mzito sana milimita 31. Mfumo wa kilovolti 132 una volti ya juu kabisa ya 145, kwa hiyo unapata milimita 3,625 na 4,495. Wa kilovolti 33, ambao juu kabisa ni 36, unapata 900 na 1,116.

Hapa pana mtego. Hesabu mpya inatumia volti ya fezi hadi ardhi, kwa hiyo namba zake ni 43.3 na 53.7, na matokeo ni yale yale. Ukiandika "31" kwenye oda bila kusema ni kwa volti ipi, muuzaji akiisoma kwa hesabu mpya atakuletea aresta ya kilovolti 132 yenye milimita 2,600 hivi, na karatasi zake zote zitakuwa sahihi. Andika milimita kamili.

Usikubali pia umbali uliopatikana kwa kubana miavuli mingi kwenye ganda fupi. Maji na tope huunganisha mwavuli na mwavuli, cheche inaruka nafasi, na milimita ulizolipia zinabaki kwenye karatasi.

Uso ukiloa

Kauri tupu hupenda maji. Umande ukitua juu yake unatandaza utando mmoja, chumvi inayeyuka ndani ya utando, na njia ya umeme imekamilika. Kinachoilinda ni urefu wa njia hiyo na usafi wake tu. Lakini uso wenyewe haudhuriki kirahisi. Cheche za ukanda mkavu zinaweza kucheza juu ya kauri kwa miaka na ukiiosha inarudi kama mpya. Wanaoiita kauri teknolojia iliyopitwa na wakati huwa wanalisahau hilo.

Silikoni, iwe mpako au ganda zima, hufukuza maji. Nyunyizia maji juu ya silikoni yenye afya uone: yanasimama kama shanga na kuteremka. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba chembe nyepesi za silikoni hupanda na kuingia ndani ya tabaka la uchafu, na uchafu wenyewe ukaanza kufukuza maji. Tabia hiyo ikipotea baada ya siku za mvua au cheche, hurudi uso ukipata muda wa kukauka. Kwa hiyo silikoni chafu mara nyingi ni salama kuliko kauri yenye uchafu mdogo.

Mpaka wake ni mahali pasipokauka. Unyevu ukidumu siku nyingi, uso hauna nafasi ya kujirudisha, cheche zinaanza, na silikoni huliwa, jambo ambalo kauri haijui. Kwenye unyevu wa kitropiki, Tanzania na Sri Lanka zikiwemo, mwani na ukungu wa kijani vimeonekana vikiota juu ya vikombe vya silikoni na kupunguza uwezo huo.

Kati ya mpako na ganda zima tofauti ni unene. Mpako una sehemu ya milimita tu, kwa kawaida 0.3 hadi 0.5, hivyo akiba yake ya kujirudisha ni ndogo na cheche zikidumu hufika kwenye kauri upesi. Zipo pia aresta za bei nafuu zenye ganda la mpira wa aina nyingine, EPDM, ambao hauwezi kuupa uchafu tabia ya kufukuza maji. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Uliza kwa maandishi.

Joto la ndani

Kauri ndiyo iliyo hatarini zaidi hapa, hasa ikiwa ya vipande viwili au zaidi, kama ilivyo kwa aresta nyingi za kilovolti 220. Ndani yake pana nafasi ya gesi kati ya diski na ganda, kwa hiyo hofu ya tatu inaihusu moja kwa moja. Mkataba wa ununuzi wa kauri ya vipande vingi kwa eneo chafu uombe taarifa ya jaribio la joto chini ya uchafu lililoelezwa kwenye IEC 60099-4. Mara nyingi halimo kwenye makabrasha mpaka uliombe.

Mpako unapunguza tatizo kwenye chanzo chake, kwa sababu mkondo wa nje unashuka sana. Nafasi ya gesi inabaki pale pale, ila kinachoichokoza kimepungua.

Kwa ganda la silikoni, uliza limejengwaje. Zile ambazo mpira umemiminwa moja kwa moja juu ya diski hazina nafasi ya hewa. Nyingine, hasa za volti kubwa, zina bomba la nyuzi za kioo lenye gesi ndani na silikoni juu yake, na kwa habari ya cheche za ndani zinaikaribia kauri kuliko watu wanavyodhani. Faida nyingine ni kwamba, kwa wepesi wake, ya kilovolti 132 mara nyingi huja kipande kimoja, na bila flanji ya katikati ule mchezo wa mkondo kuingia ndani haupati mlango.

Kazi ya matunzo

Kauri tupu kwenye chumvi inadai kuoshwa kabla ya manyunyu ya kwanza, kila mwaka bila kukosa, na sehemu nyingine mara kadhaa. Hiyo ni kuomba laini izimwe, kuweka erthi, maji yasiyo na chumvi, vitambaa, ngazi na watu. Kuosha umeme ukiwa umewashwa kunafanyika kwa vikombe, lakini kwa aresta usithubutu bila kibali cha mtengenezaji: ukiloanisha kipande kimoja kabla ya kingine umetengeneza kwa mkono wako ile hali ya kipande kikavu na kilicholoa. Vumbi la saruji ni kesi nyingine kabisa. Kwa majirani wa viwanda vya Wazo Hill, Bamburi au Pongwe, likiloa linaganda, na maji pekee hayalitoi. Utasugua.

Mpako unataka kazi nzito mara moja: kauri ioshwe mpaka iwe safi kabisa, ikauke, ndipo ipakwe. Ukipaka juu ya chumvi, utabanduka kwa maganda. Ukipakwa vizuri unaweza kukupa miaka 10 au zaidi, na pachafu sana pungufu ya hapo. Grisi ya silikoni, ndugu yake wa zamani, hufanya kazi ile ile kwa mwaka mmoja au miwili. Baadaye hushiba vumbi na lazima ikwanguliwe yote. Nimewahi kuikwangua kwenye aresta tatu, na jioni nzima mikono iliteleza hata kwenye kikombe cha chai. Kwa kituo chenye watu wachache siishauri.

Ganda la silikoni halidai ratiba ya kuosha, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuenea kwake kwenye pwani kavu kama za Oman na Ghuba, ambako vumbi na chumvi hukaa miezi bila mvua. Linadai macho: tazama alama nyeusi za kuungua, nyufa, mpira uliokatika kwenye kingo. Lishughulikie kwa upole kuanzia stoo, kwani panya hulitafuna na mnyororo wa winchi hulichana.

Kuipima ikiwa kazini

Mita iliyo chini ya aresta inasoma mkondo wa ndani na wa nje kwa pamoja. Kwenye kauri chafu asubuhi yenye umande, usomaji hauna maana. Pima uso ukiwa umekauka, na osha pia kile kikombe kidogo kinachoitenga aresta na nguzo yake, maana kikichafuka mkondo unapita pembeni na mita inakudanganya kuwa yote ni salama. Kwenye mpako na silikoni usomaji ni tulivu zaidi, lakini kanuni ya kupima pakavu ni ile ile.

Kamera ya joto inasaidia kwa zote tatu. Itumie usiku, jua lisikuchanganye, na ulinganishe fezi na fezi. Moja ikiwa na joto la digrii chache zaidi ya wenzake bila sababu, ifuatilie siku hiyo hiyo.

Siku inapoharibika

Aresta ya kauri ina mlango wa kutolea shinikizo, na ukifanya kazi ganda, hata likipasuka, halirushi vipande mbali. Usipofanya kazi, vigae huruka kama visu. Niliwahi kuokota kimoja kwenye kokoto, hatua ishirini kutoka ilipokuwa aresta, kikiwa na kingo ya kukata karatasi. Mpako haubadilishi hatari hiyo. Silikoni huchanika na kuungua, na kwa kawaida hairushi vipande vigumu, ingawa ile ya bomba nayo inahitaji cheti cha jaribio la mkondo wa hitilafu. Mawe ya watoto huvunja kauri, ilhali silikoni huyadundisha.

Gharama

Bei hubadilika, kwa hiyo nitasema mwelekeo tu. Usilinganishe bei ya dukani peke yake. Kauri hulipiwa kila mwaka kwa kuzima laini na kuosha, mpako hulipiwa siku ya kupaka na siku ya kurudia, na silikoni hulipiwa karibu yote mwanzoni. Uzito pia ni pesa: ya silikoni huweza kuwa nusu ya kauri au pungufu, na hiyo ni tofauti kati ya kukodi kreni na kuipandisha kwa kamba na mafundi wanne.

Kwa hali yako

Uko pwani, chumvi nyingi, na hakuna kikosi cha kuosha kinachofika kila mwaka: chukua ganda la silikoni, kipande kimoja ikiwezekana, lenye umbali wa daraja la uchafu mzito sana na cheti cha jaribio la saa 1,000 kwenye ukungu wa chumvi.

Una kauri zilizo nzima, vipimo vya ndani vizuri, na bajeti ya kubadilisha haipo: osha, kausha, paka. Ikiwa vipimo vya ndani vimeanza kupanda, usipoteze mpako juu yake. Hitilafu iko ndani na rangi haiitibu.

Uko jirani na kiwanda cha saruji: mpako au silikoni, na bado panga kusugua. Silikoni inachelewesha tatizo, ila gamba nene likifunika uso wote tabia ya kufukuza maji inashindwa kulipenya. Kauri yenye timu ya kudumu ya usafi inaweza kuishi hapa muda mrefu kuliko zote.

Uko kanda ya Ziwa Victoria au nyanda za juu zenye mvua ya mara kwa mara na radi nyingi, vumbi la wastani: kauri inafaa kabisa, kwa kuwa mvua inakuoshea. Pesa yako iweke kwenye uwezo wa diski kubeba nguvu ya radi. Palipo na kivuli cha miti na unyevu usiokatika, kauri ina nafasi nzuri kuliko silikoni inayoota mwani.

Aresta zako ni za kilovolti 220 au 400, za vipande kadhaa, mahali pachafu: kauri tupu iwe chaguo la mwisho. Ukibanwa nayo, dai lile jaribio la joto, na hakikisha vipande vyote vinaoshwa siku moja.

Iko karibu na njia ya watu, shule au chumba cha waendeshaji: silikoni, hata kama uchafu ni kidogo.

Ni za kilovolti 11 au 33 juu ya nguzo, mamia kwa mamia, ambazo hakuna atakayezipanda kuziosha: silikoni halisi, na umbali uliozidi daraja lako kwa ngazi moja.

Na ukibadilisha, badilisha fezi zote tatu kwa aina moja. Kituo chenye kauri mbili na silikoni moja kinakunyang'anya ule ulinganisho wa fezi kwa fezi, na kamera ya joto inabaki bila cha kulinganishia.